UZI: Jinsi ninavyofundisha wanafunzi kutoa ethanoli kwenye mahindi, kuanzia kimea hadi mwali wa moto, na hesabu zake zote

#1 Mwalimu_wa_Nyanda (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mwalimu wa kemia katika sekondari ya kata huku Nyanda za Juu Kusini, kwenye vijiji ambavyo mahindi yanalimwa hadi ukutani mwa nyumba. Wanafunzi wangu wa Kidato cha Nne wanatoa ethanoli (kile kileo kilichomo kwenye pombe) kwenye mahindi kwa mikono yao wenyewe, kuanzia punje mpaka taa ya spiriti inawaka; kukeneka tu, yaani kuchemsha na kuupoza mvuke uwe kimiminika, ndiko nafanya mimi. Walimu wenzangu kadhaa wameniomba niandike utaratibu mzima. Na wazazi nao wamekuja shuleni kuuliza kama tunawafundisha watoto kupika gongo. Naweka kila kitu hapa, mwenye swali aulize.

Msimamo wangu nautanguliza. Somo hili likiishia kwenye kuwasha moto na watoto kupiga makofi, halijafundishwa. Kila hatua ipite kwenye mzani. Mwanafunzi akimaliza awe na uwezo wa kusema, kwa namba zake mwenyewe, mahindi yale yangemlisha nani na yeye amepata nini badala yake.

Twende kwenye kazi.

Punje ya mahindi makavu, karibu theluthi mbili ya uzito wake ni wanga. Hamira haili wanga, inakula sukari. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuukata wanga uwe sukari, na hapo ndipo vitabu vinapopita haraka kwa kuandika neno "vimeng'enya" na kuendelea. Viwandani vimeng'enya vinanunuliwa kwenye madumu. Sisi tuna kimea.

Kwa hatua hii huwa namwalika mama mmoja wa hapa kijijini anayepika komoni, pombe ya kienyeji. Wanafunzi wanamwamkia, anakaa mbele ya meza ya maabara, anafungua kitambaa na kumwaga kimea cha ulezi: ulezi ulioloweshwa, ukafunikwa ukachipua, ukaanikwa juani, ukasagwa. Pembeni tunakuwa tumeshapika kilo 1 ya unga wa dona katika lita 4 za maji, uji mzito unaosimamisha mwiko, umechemka kabisa ili punje za wanga zipasuke. Tunauacha upoe hadi kipimajoto kisome kati ya nyuzi 60 na 65. Mama anatia gramu 200 za kimea na kukoroga. Ndani ya dakika chache ule uji unalegea. Mwiko unaanguka. Unaokoroga sasa ni majimaji, na ukiendelea kuutunza kwenye joto hilohilo unaanza kuwa mtamu bila kijiko cha sukari. Watoto wamekunywa togwa tangu wana meno mawili, lakini ni hapa wanapoanza kuuliza utamu ule unatoka wapi.

Mama anawaambia jambo ambalo kitabu kinalisema kwa maneno mengi zaidi: ukitia kimea kwenye uji unaochemka, umekiua. Vimeng'enya ni protini, vikipata joto kali vinaharibika na havirudi. Uji ukipoa sana, navyo vinafanya kazi kwa uvivu. Na kimea cha ulezi kina nguvu kuliko cha mahindi, ndiyo maana wapishi wa mbege Kilimanjaro na wa busaa kule magharibi mwa Kenya hawakubali kukosa ulezi.

Sasa iodini. Kila baada ya dakika kumi mwanafunzi anachukua tone la ule uji, analiweka kwenye kigae cheupe, anatia tone la iodini. Mwanzoni rangi inaruka kuwa bluu iliyokolea karibu na nyeusi: wanga upo. Baadaye zambarau. Baadaye hudhurungi yenye wekundu. Mwisho iodini inabaki na rangi yake ya manjano, wanga umekwisha. Mstari ule wa matone kwenye kigae kimoja, kutoka weusi hadi manjano, ninawaambia wauchore kwa penseli za rangi kwenye daftari. Mwanafunzi aliyeuona hasahau tena mada ya vimeng'enya, na biolojia anakuwa ameisoma humohumo.

Uji ukipoa hadi kama nyuzi 32 tunauchuja kidogo, tunakamulia limau ili uwe na uchachu kiasi (bakteria hawaupendi, hamira haijali), tunatia hamira ya kawaida ya mikate na kumimina kwenye dumu la lita 10. Dumu HALIFUNGWI kwa nguvu. Kwenye kifuniko unapita mpira mwembamba unaoishia kwenye chupa ya maji ya chokaa. Kesho yake asubuhi chupa inatoa mapovu na maji ya chokaa yamekuwa meupe kama maziwa. Hewa ya ukaa hiyo.

Na hapa ndipo pana siri ya somo zima: dumu linapimwa kwenye mzani kila asubuhi. Katika mlinganyo wa uchachukaji, gramu 180 za glukosi zinagawanyika kuwa gramu 92 za ethanoli na gramu 88 za hewa ya ukaa. Hewa inatoka, ethanoli inabaki. Kwa hiyo kila gramu 88 zinazopotea kwenye dumu zimeacha gramu 92 za ethanoli ndani. Mtoto anasoma kiasi cha ethanoli kwa mzani wa dukani, kabla hata ya kuchemsha kitu. Sijaona njia bora kuliko hii ya kumfanya mwanafunzi aamini kwamba mlinganyo una maana.

Kukeneka nitaeleza mkiuliza, maana ndiyo hatua yenye hatari.

---

#2 Mzazi_Mwenzenu

Mwalimu, shikamoo. Nimesoma yote na naona una nia njema. Lakini nina kijana wa miaka kumi na sita. Leo unamfundisha kuchemsha na kukusanya mvuke upande wa pili, kesho anakwenda kufunga mtambo mtoni. Gongo imemaliza vijana huku kwetu. Watu wanapofuka. Utamzuiaje?

---

#3 Mwalimu_wa_Nyanda

Marahaba. Hofu yako ni halali na naijibu kwa uzito wake.

Kwanza, wanafunzi hawakeneki. Mimi ndiye ninayekeneka, wao wakiwa nyuma ya mstari, wakisoma kipimajoto na kuandika. Kuna kibali cha maandishi cha mkuu wa shule, kuna daftari linaloonyesha kila mililita ilikokwenda, na kinachotoka kinafungiwa stoo. Kukeneka pombe nyumbani bila leseni ni kosa la jinai, Tanzania na Kenya pia, na hilo nalisema darasani kabla ya kugusa chombo chochote.

Pili, tukishamaliza majaribio ya kuwasha, ethanoli iliyobaki inaharibiwa palepale isinyweke: mililita 2 za mafuta ya taa kwa kila mililita 100. Kipimo hicho sikukibuni. Marekani, mtu anayetaka kutengeneza ethanoli ya mafuta, hata mkulima shambani kwake au shule, anaomba kibali cha serikali kuu, na ili ethanoli itoke kihalali kama mafuta analazimika kuichanganya na angalau galoni 2 za petroli au mafuta ya taa kwa kila galoni 100. Harufu ile haitoki.

Tatu, kuhusu upofu. Hili nalifundisha waziwazi maana kunyamaza kunaua. Kinachopofusha na kuua kwa wingi ni methanoli. Mahindi yakichachuka hutoa methanoli kidogo mno, kwa sababu methanoli hutokana hasa na pektini ya matunda, na nafaka zina pektini chache. Vifo vya makundi ambavyo tumevisikia, kama vile vya Kenya mwezi Mei 2014, Embu, Kiambu na kwingineko, chanzo chake ni methanoli ya viwandani ambayo wauzaji huimimina kwenye pombe iongeze ukali. Methanoli ile ina harufu na muonekano kama wa ethanoli, ulimi hautofautishi. Mwanafunzi wangu anatoka darasani akijua kwamba mtu akimuuzia chupa ya rangi ya maji kwa bei ya kutupa, hakuna namna yoyote ya kujua kwa macho iliyomo ndani ni nini. Kijana asiyejua hilo yuko hatarini zaidi kuliko anayejua.

Kuhusu kukeneka kwenyewe, kwa walimu: mwali wazi hapana. Ethanoli inachemka kwenye nyuzi 78, mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa mezani kutafuta moto. Tumia jiko la umeme na sufuria ya mchanga au maji. Chuja machicha kwanza kwa kitambaa, la sivyo yataungua chini ya chupa. Usizibe mdomo wa bomba la kupozea. Usitumie rejeta ya gari kupozea kama wanavyofanya wapika gongo, lehemu yake ina risasi. Na mwali wa ethanoli ni wa bluu hafifu, juani hauonekani kabisa, mtu anaweza kuweka mkono juu ya moto akidhani umezimika. Blanketi bichi na ndoo ya mchanga vikae karibu. Maji pia yanazima, kwa sababu ethanoli inachanganyika nayo.

Mkeneko wa kwanza huwa na maji mengi, unashika moto kwa shida. Ukiurudia, unawaka vizuri.

---

#4 Binti_wa_Nyando

Mwalimu, salamu kutoka Ames, Iowa. Mimi ni Mkenya, nasomea kilimo huku, na uzi huu umenigusa kwa sababu naishi katikati ya mahindi ya ethanoli.

Acha niwape picha. Iowa ndilo jimbo linaloongoza Marekani kwa ethanoli, zaidi ya galoni bilioni 4 kwa mwaka. Nchi nzima inatoa kama lita bilioni 60 hivi. Karibu petroli yote inayouzwa hapa ina asilimia 10 ya ethanoli, hujaulizwa, ndivyo pampu ilivyo. Ukipita barabara ya mashambani siku upepo ukivuma kutoka kiwandani, harufu ni ileile ya busaa inayoiva. Nilipoinusa mara ya kwanza nilimfikiria shangazi yangu Muhoroni.

Hatua ni zilezile za Mwalimu. Wanasaga, wanapika, wanatia vimeng'enya, wanatia hamira, wanakeneka. Tofauti ni kwamba hawapotezi kitu. Busheli moja ya mahindi, ambayo ni kilo 25.4, inatoa karibu lita 11 za ethanoli na takriban kilo 7 hadi 8 za machicha makavu. Hayo machicha ndiyo chakula cha ng'ombe na nguruwe, yana protini kuliko mahindi yenyewe kwa sababu wanga umeondoka na protini imebaki. Hewa ya ukaa nayo viwanda vingine huikamata na kuiuza kwa wenye soda. Bila machicha kiwanda kingi kingefungwa.

Nyingine ambayo wanafunzi wa Mwalimu watakutana nayo: ukikeneka hata mara kumi, ethanoli haivuki kama asilimia 95.6 kwa uzito. Maji yaliyobaki na ethanoli vinachemka pamoja kama kitu kimoja. Viwandani mvuke unapitishwa kwenye chembechembe za zeoliti zenye vitundu vidogo kiasi kwamba maji yanaingia na kukwama, ethanoli inapita.

Lakini msiige Iowa bila kujua imefikaje hapo. Haikutokana na soko peke yake. Mwaka 1978 serikali ilianza kusamehe kodi ya petroli iliyochanganywa na ethanoli. Mwaka 2005 ikaweka sheria ya kulazimisha uchanganyaji, na 2007 ikaipanua hadi galoni bilioni 15 za aina hii ya ethanoli ifikapo 2015. Mkulima wa huku analima akijua mnunuzi yupo kwa amri ya sheria.

Na kwetu Kenya tulishafanya yetu. Miaka ya 1980 petroli ilichanganywa na spiriti ya Muhoroni, lakini ile ni ya molasi, masalia ya sukari. Malawi wanachanganya tangu 1982, nao ni molasi ya kiwanda cha sukari cha Dwangwa. Hakuna aliyegusa unga.

---

#5 Mkulima_Namtumbo

Hilo la mwisho ndilo nililolisubiri.

Wakuu, mimi nalima mahindi. Najua maana ya mwezi wa pili, ghala limebaki vumbi na mapya bado mabichi. Kuniambia mwanangu anafundishwa shuleni kugeuza unga kuwa moto, moyo wangu unakataa. Mwaka 2007 Jean Ziegler, aliyekuwa mtaalamu wa Umoja wa Mataifa wa haki ya chakula, alisema kugeuza mashamba ya chakula kuwa mafuta ya magari ni uhalifu dhidi ya ubinadamu. Mapema mwaka huohuo watu wa Mexico waliandamana kwa sababu bei ya unga wa mkate wao wa mahindi ilipanda, na mahindi ya Marekani yaliyokuwa yakikimbilia viwanda vya ethanoli yalitajwa kuwa sababu mojawapo. Mwaka uliofuata bei ya chakula ikatikisa dunia nzima.

Mwalimu, fundisha molasi. Fundisha maembe yanayooza barabarani. Mahindi yaache.

---

#6 Mwalimu_wa_Nyanda

Mkuu, nakuheshimu na tuko upande mmoja. Ngoja nikuonyeshe ninachofanya na hoja yako darasani, kwa sababu nailetea namba.

Tuchukue lile dumu. Kilo 1 ya unga na gramu 200 za kimea, ndani yake kuna takriban gramu 780 za wanga. Kwa mlinganyo, wanga wote ukigeuka, tunapata kama gramu 440 za ethanoli, mililita 560 hivi. Kwa kimea na hamira ya mikate hatufiki huko. Tuseme dumu limepoteza gramu 220. Basi ndani kuna gramu 230 za ethanoli, yaani mililita 290.

Lita moja ya ethanoli ina nishati ya megajuli 21, petroli ina kama 32. Kwa hiyo mililita 290 ni megajuli 6 na kidogo, sawa na kikombe kidogo cha petroli, kama robo lita kasoro.

Sasa wanafunzi wanahesabu moto uliotumika. Kupasha kilo 5 za uji kutoka nyuzi 25 hadi 95 ni karibu megajuli 1.5. Kuupasha tena wakati wa kukeneka, nyingine 1.5. Kugeuza ethanoli na maji kuwa mvuke, karibu 0.7. Jumla 3.7. Inaonekana tumepata faida, sivyo? Hapo namwambia mwanafunzi akumbuke jiko. Jiko la mkaa la kawaida linapeleka robo tu ya moto wake kwenye sufuria, zilizobaki zinapotea pembeni. Kwa hiyo mkaa unaounguzwa ni megajuli 15, nusu kilo ya mkaa mzuri. Tumechoma 15 kupata 6. Na hatujahesabu jembe, mbolea, wala usafiri wa gunia.

Halafu upande wa pili wa daftari: ile kilo ya unga ina kilokalori kama 3,600. Mtu mzima anaishi nayo siku moja na nusu.

Darasa huwa linanyamaza, kisha linalipuka kwa mabishano, na mabishano hayo ndiyo ninayoyataka. Wapo wanaosema tuboreshe jiko. Wapo wanaosema tutumie moto wa magunzi, maana magunzi yanatupwa. Wapo wanaosema kama wewe, kwamba mahindi yaliwe. Nawaambia kwamba mabishano hayohayo wataalamu wamekuwa nayo miaka mingi. Mwaka 2002 wachumi wa wizara ya kilimo ya Marekani, Shapouri na wenzake, walikokotoa kwamba ethanoli ya mahindi inatoa nishati 1.34 kwa kila 1 inayoingia. Mwaka 2005 David Pimentel wa Chuo Kikuu cha Cornell na Tad Patzek wa Chuo Kikuu cha Berkeley wakakokotoa kwamba inakula nishati ya visukuku (mafuta, gesi na makaa ya mawe) asilimia 29 zaidi ya inayotoa. Tofauti kubwa kati yao ilikuwa vitu gani vihesabiwe, na machicha yapewe thamani gani. Mwanafunzi aliyehesabu mkaa wake mwenyewe anaielewa tofauti hiyo mara moja.

Kwa nini mahindi, usemavyo, wakati molasi zipo? Kwa sababu molasi ni sukari tayari, unatia hamira basi. Inaruka hatua ya wanga, na hatua hiyo ndiyo kemia. Na kwa sababu hawa ni watoto wa wakulima wa mahindi. Nataka siku mtu mwenye gari kubwa akija kijijini na karatasi za mradi wa nishati, akaomba ekari mia tano, kwenye mkutano ule asimame kijana mmoja amuulize: kwa kila gunia unapata lita ngapi, unapikia moto gani, na machicha ni ya nani? Kilo moja ya unga kwa darasa zima kwa mwaka naiona ni gharama ndogo kwa hilo.

---

#7 Mkulima_Namtumbo

Hapo kwenye mkutano wa kijiji umenigusa, Mwalimu. Bado nasema mahindi yaliwe, lakini fundisha.

---

#8 Fundi_Kabureta

Wataalamu, mimi swali langu ni la gereji. Hiyo ethanoli ya Mwalimu nikiitia kwenye bodaboda, inatembea? Vijana wananiuliza kila petroli ikipanda bei.

---

#9 Mwalimu_wa_Nyanda

Fundi, jibu fupi: ya maabara yangu usiitie kwenye pikipiki ya mtu.

Jibu refu. Ethanoli kavu, isiyo na maji, ikichanganywa asilimia 10 na petroli, injini za kawaida zinaikubali, mamilioni ya magari yanaenda hivyo kila siku. Hata oktani yake iko juu kuliko ya petroli, injini haigongi. Lakini yetu ina maji. Chukua ethanoli ya asilimia 80, imimine kwenye petroli ndani ya chupa ya kioo, tikisa, iache. Utaona inajitenga: petroli juu, maji na ethanoli chini. Kwenye tangi, kinachonyonywa kwanza ni kile cha chini. Pikipiki itazimika na tangi litaanza kushika kutu. (Jaribio hili nafanya mwenyewe, nje, kwa mililita chache, hakuna simu wala kiberiti karibu.)

Kuna nchi inayotumia ethanoli yenye maji kidogo bila petroli, Brazili, kupitia mpango wao ulioanza 1975. Lakini ile ina maji kama asilimia 5 hadi 7 tu, na injini zimetengenezwa kwa ajili hiyo. Ethanoli inahitaji mafuta mengi zaidi kwa hewa ileile, kwa hiyo jeti ya kabureta inabidi iwe pana. Mipira na gasketi za zamani zinavimba. Asubuhi ya baridi ya Njombe haiwaki. Na kwa kilomita zilezile utatumia karibu mara moja na nusu ya ujazo wa petroli.

Kwa hapa kwetu mahali pake ni jikoni. Moto poa unaouzwa madukani ni ethanoli iliyogandishwa. Tena ile spiriti ya viwandani, kama ya Kilombero, nayo ni ya molasi.

---

#10 Mwalimu_Kibaigwa

Mwalimu mwenzangu, hongera kwa madini haya. Mimi niko Dodoma. Hapa tatizo letu ni mahindi yenye sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumu hiyo. Mahindi ya namna hiyo yakikamatwa yanateketezwa. Je, hayo hayawezi kuwa ndiyo malighafi ya somo lako? Hayaliwi, kwa hiyo hoja ya mkulima wa Namtumbo inakwisha.

---

#11 Mwalimu_wa_Nyanda

Swali zuri sana, na kwa kiwanda jibu ni ndiyo. Sumu ya ukungu ule haipandi na mvuke. Ukikeneka, ethanoli inatoka safi na sumu yote inabaki kwenye machicha. Ila sasa angalia: wanga umeondoka, theluthi moja tu ya uzito imebaki, na sumu ni ileile. Kwa hiyo machicha yana sumu karibu mara tatu ya mahindi yaliyoingia. Mtu asiyejua akimpa ng'ombe wa maziwa, sumu inapita kwenye maziwa hadi kwa mtoto. Binti wa Nyando, huko Iowa viwanda vinapima mahindi mlangoni kwa sababu hii, sivyo?

Kwa darasa, hapana kabisa. Kusaga mahindi yenye ukungu kunatoa vumbi, na vumbi hilo linavutwa na watoto arobaini kwenye chumba kimoja. Mimi natumia unga safi. Ukitaka kuonyesha hoja ya mahindi mabovu, ifanye kwa hesabu ubaoni. Gunia la kilo 100 kwa kiwango cha kiwanda ni lita 42 hivi za ethanoli na kilo kama 30 za machicha ya kuteketezwa. Waulize wangeyateketeza wapi na nani angelinda yasiuzwe.

---

#12 Binti_wa_Nyando

Ndivyo. Lori linadungwa kwa bomba refu linalonyonya sampuli kabla halijamwaga, wanapima unyevu na sumukuvu hapohapo. Likizidi kiwango linarudishwa.

---

#13 Ticha_Mpya_Kigoma

Shikamoo Mwalimu. Nimeajiriwa karibuni, shule yetu haina bomba la kupozea, haina umeme wa uhakika, iodini iko chupa moja. Naanzia wapi?

---

#14 Mwalimu_wa_Nyanda

Marahaba mdogo wangu. Anza bila kukeneka. Kwa kweli robo tatu ya somo iko kabla ya hapo.

Tafuta mzani wa dukani unaosoma gramu 5 au pungufu, azima hata kwa muuza nyama. Iodini changanya na maji hadi rangi ya chai nyepesi, chupa moja itakupeleka mwaka mzima. Maji ya chokaa tengeneza mwenyewe kwa chokaa ya kupakia nyumba, koroga, iache usiku kucha, chukua maji ya juu yaliyo safi. Kimea ulizia wapika pombe sokoni, lakini nunua cha ulezi kilichoanikwa juani, kisichokaangwa, maana kilichokaangwa ni cha rangi na ladha tu, vimeng'enya vimekufa.

Weka madumu mawili. Moja lenye kimea, jingine lenye kimea hichohicho ulichokichemsha kwanza. Yote mawili yatiwe hamira sawa. Yapime kila asubuhi, wanafunzi wachore grafu ya uzito unaopotea. La kwanza litashuka, la pili litakaa karibu palepale. Kutokana na grafu wakokotoe ethanoli kwa ile 92 kwa 88. Kisha wafanye hesabu ya mkaa na ya kilokalori kama ilivyo kwenye jibu #6. Dumu likimaliza kuchachuka, mwagia lote kwenye shimo la mboji mbele yao, saini kwenye daftari, mkuu wa shule naye asaini.

Ukifika hatua ya grafu, iweke hapa tuione.